Kwa Nini Tangi Kubwa Halikupandisha Maji Shuleni



Katika kijiji kimoja ninachokijua vizuri, na ambacho sitakitaja jina kwa sababu watu wake bado tunasalimiana, wananchi walichanga fedha kujenga tangi la pili la maji. La kwanza lilikuwa la plastiki, la lita 5,000. Kila asubuhi maji yalitoka kwa nguvu katika kitongoji cha bondeni. Katika kitongoji cha kati yalitoka polepole. Kule juu kwenye shule hayakutoka kabisa. Ukifungua koki unasikia hewa inapiga mluzi, basi. Watoto walikuwa wanabeba madumu kutoka bondeni kabla ya kengele ya kwanza, na wasichana wakubwa walikuwa wanarudi tena mchana.

Kamati ya maji ikakaa. Mzee mmoja akasema, "Tangi letu ni dogo, ndiyo maana maji hayana nguvu. Tukijenga kubwa, nguvu itakuwepo." Watu wakaitikia kwamba ni kweli. Hata mimi niliyekuwa nimekaa pembeni niliona ni kweli. Kila kaya ikatoa mchango. Wengine waliuza kuku, na mama mmoja mjane nilimwona akiuza mbuzi. Tangi likajengwa la saruji, lita 50,000, pana na zuri, pembeni mwa lile la zamani.

Siku ya kulifungua, mashine ya dizeli ilisukuma maji kutoka kisimani mpaka tangi likajaa. Mwalimu mkuu akafungua koki ya shule mbele ya watu wote. Koki ikakohoa, ikanyamaza.

Basi maneno yakaanza. Watu wa juu wakasema watu wa bondeni wamefunga bomba usiku. Watu wa bondeni wakasema fedha imeliwa. Ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja anakaa juu na mmoja bondeni, hawakusalimiana kwa miezi kadhaa. Kumbe hakuna aliyefunga bomba wala aliyekula fedha. Maji yalikuwa yanafuata tabia yake, na tabia hiyo hakuna aliyekuwa ameieleza kwenye mkutano. Leo nataka tuieleze.

Chukua kopo refu, kama lile la maziwa ya unga au la mafuta ya kupikia. Kwa msumari toboa matundu matatu ubavuni: moja karibu na juu, moja katikati, moja karibu na chini. Matundu yalingane ukubwa. Yazibe kwa vidole, au mwite mtoto akusaidie. Kisha liweke kopo juu ya meza au juu ya ukuta, ulijaze maji, na uachie matundu yote kwa pamoja.

Utaona maji ya tundu la juu yanadondoka karibu na kopo, kama mtu asiye na haraka. Ya katikati yanaruka mbali kidogo. Ya chini ndiyo yanayoruka mbali kuliko yote. Lakini angalia: usiliweke kopo chini kabisa ardhini. Ukiliweka ardhini, maji ya tundu la chini yatagusa udongo kabla hayajapata nafasi ya kuruka, na utasema gazeti limekudanganya. Liweke juu.

Kwa nini tundu la chini lina nguvu? Fikiria magunia ya mahindi yaliyopangwa ghalani, moja juu ya jingine. Gunia la juu kabisa halijabeba kitu. La pili limebeba moja. La kumi kutoka juu limebeba tisa, ndiyo maana limebonyea. Maji nayo ni hivyo hivyo. Maji ya chini yamebeba maji yote yaliyo juu yake. Kadiri unavyoshuka, mzigo unaongezeka, na maji yanazidi kusukuma. Msukumo huu tutauita mgandamizo. Katika vitabu vya shule unaitwa kanieneo, na mafundi wengi wanasema presha tu. Ni kitu hicho hicho.

Ila maji yanatofautiana na gunia katika jambo moja. Gunia linakandamiza kwenda chini tu. Maji yanasukuma pande zote: chini, kushoto, kulia, na hata kwenda juu. Kama huamini, chukua sufuria tupu, uikandamize ndani ya ndoo ya maji, kitako chini. Utasikia maji yanaisukuma sufuria irudi juu. Na kadiri unavyoizamisha, ndivyo mkono unavyochoka.

Sasa tufike kwenye lile lililowakosesha watu salamu. Je, maji mengi yana mgandamizo mkubwa kuliko maji kidogo? Karibu kila mtu utakayemuuliza atajibu ndiyo. Jibu ni hapana, na ushahidi uko jikoni kwako.

Tazama birika la chai. Tumbo la birika ni pana, lina chai ya vikombe sita au nane. Mdomo wake ni mwembamba, una chai ya vijiko vichache. Tumbo na mdomo vimeungana chini. Kama wingi wa chai ndio unaoleta nguvu, basi chai yote ya tumboni ingeisukuma ile kidogo ya mdomoni, na birika lingemwaga chai lenyewe juu ya meza. Lakini halimwagi. Chai imesimama usawa mmoja tumboni na mdomoni. Kidogo kile kinazuia kingi kile, kwa sababu vimo vyao ni sawa.

Sababu yake ni hii. Kila kipande cha kitako kinabeba maji yaliyo juu yake tu, hakibebi maji ya jirani. Ukiongeza upana wa chombo, umeongeza vipande vya kitako pamoja na maji yake. Mzigo wa kila kipande haukubadilika. Ukiongeza kimo cha maji, hapo ndipo kila kipande kinapata mzigo zaidi. Kwa hiyo bomba jembamba la kimo cha mita 10 likijaa maji, mgandamizo wa chini yake ni sawa kabisa na ule wa chini ya bwawa lenye kina cha mita 10. Mtu anaweza kukaa juzi na jana akilibishia jambo hili. Mimi nililibishia. Kisha nikatazama birika.

Hesabu yake si ngumu. Ukucha wa kidole chako kidogo cha mkono una ukubwa wa karibu sentimita moja ya mraba. Simamisha juu ya ukucha huo mnara wa maji wenye kimo cha mita 1. Mnara huo una uzito wa gramu 100. Ukiwa wa mita 10, una uzito wa kilo 1. Basi kumbuka hivi: kila mita 10 za kwenda chini, maji yanaongeza mgandamizo wa kilo 1 kwa kila sentimita moja ya mraba. Mita 20 ni kilo 2. Mita 5 ni nusu kilo.

Vijana wanaopiga mbizi ziwani wanalijua hili bila hesabu. Mtu akishuka mita 2 au 3 tu anaanza kusikia masikio yanauma, kwa sababu maji yanasukuma ngoma ya sikio kwenda ndani. Ziwa Victoria, pamoja na upana wake wote, kina chake kikubwa ni kama mita 80 tu. Ziwa Tanganyika ni jembamba, lakini kina chake kinafika karibu mita 1,470. Piga hesabu mwenyewe: huko chini, ukucha mmoja unabeba kilo 147. Ni uzito wa watu wazima wawili, nao ni juu ya ukucha. Nani angedhani lile ziwa jembamba ndilo zito?

Turudi kijijini. Aliyemaliza ugomvi alikuwa fundi mwashi, mtu ambaye hakufika mbali shuleni lakini ana macho. Alichukua ule mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ambao waashi wanautumia kusawazisha msingi wa nyumba. Mpira ule ni birika jingine: ukiujaza maji bila kuacha mapovu, maji yatasimama usawa mmoja ncha zote mbili, hata kama katikati mpira umelala shimoni. Akakata fimbo mbili na kuzitia alama za sentimita. Mtu mmoja alisimama na fimbo chini ya tangi, mwingine akasogea mbele kuelekea shule mpaka mpira ulipokwisha. Wakasoma maji yanasimama wapi kwenye fimbo hii na wapi kwenye ile. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo kimo walichopanda. Wakaandika. Yule wa nyuma akahamia mbele, wakapima tena. Hivyo hivyo mpaka shuleni. Kazi ilichukua asubuhi nzima, na watoto walifuata nyuma kama wanafuata ngoma.

Walipojumlisha, walikuta kwamba ardhi ya shule iko juu ya ardhi ya tangi kwa mita 4 na sentimita 30. Koki yenyewe iko sentimita 60 kutoka ardhini. Jumla mita 4 na sentimita 90. Na maji ya tangi, likijaa mpaka juu, yanafika kimo cha mita 3 tu. Yaani koki ya shule ilikuwa juu ya maji ya tangi kwa karibu mita 2.

"Sasa Mwenyekiti," fundi akasema, "hata tukijenga tangi lenye ukubwa wa uwanja wa mpira, maji yatasimama pale pale. Maji hayapandi juu ya kimo cha maji wenzake."

Yule mama mjane aliyeuza mbuzi akauliza, "Fundi, mpira huo unauzwa bei gani?" Akajibiwa. Akanyamaza, na watu wote wakanyamaza naye, maana hakuna aliyehitaji kupiga hesabu zaidi.

Walichofanya baadaye ni hiki. Lile tangi dogo la plastiki, lililokuwa limedharauliwa, walilibeba mpaka kwenye mwamba ulio nyuma ya shule, wakaliweka mahali ambapo kitako chake kiko juu ya koki kwa mita 8. Tangi kubwa likabaki kwa ajili ya bondeni na kati. Koki ya shule ikatoa maji siku ile ile. Gharama haikukosekana, kwa sababu mashine sasa inapandisha sehemu ya maji mita 12 zaidi, na dizeli iliongezeka. Nguvu ya kupandisha maji lazima itoke mahali fulani. Tangi lililoinuka halitengenezi nguvu, linatunza tu ile iliyolipiwa dizeli.

Kazi kubwa nazo zinafuata njia hiyo hiyo. Maji ya Ziwa Victoria yanayokwenda Shinyanga na Kahama husukumwa kwa mashine kutoka Ihelele, wilaya ya Misungwi, mpaka kwenye matangi ya mlima Mabale. Kutoka mlimani yanashuka yenyewe kwa uzito wake. Hospitali nako, muuguzi anapotundika chupa ya dripu juu ya kitanda, anafanya kazi ile ile ya fundi wetu. Chupa inainuliwa ili dawa ipate nguvu ya kuingia mshipani, kwa sababu damu nayo ina msukumo wake. Ukiishusha chupa chini ya mkono wa mgonjwa utaona damu inaanza kurudi kwenye mpira. Kwa hiyo unapomsindikiza mgonjwa wako kwenda kujisaidia na chupa imo mkononi mwako, iinue.

Mgandamizo ukizidi nao una hasara yake. Kijiji kikiwa na chanzo mlimani na watu wako mbali bondeni, bomba linaweza kushuka mita 80 au 100. Mchana watu wanateka, maji yanatembea, na sehemu ya nguvu inapotea kwa kusuguana na bomba. Usiku koki zote zimefungwa, maji yametulia, na hapo bomba la chini linabeba mgandamizo wote. Ndiyo maana mabomba mengi hupasuka usiku, na asubuhi watu wanatafuta mchawi. Tazama maandishi kwenye bomba la plastiki kabla ya kununua. Likiandikwa PN 6, linaweza kubeba maji ya kimo cha mita 60 hivi. PN 10 ni mita 100 hivi. Mahali penye mteremko mkubwa mafundi hujenga katikati kijitangi kilicho wazi kwa hewa. Maji yakifika humo yanapumzika, na mgandamizo unaanza kuhesabiwa upya kutoka sifuri.

Sasa nije kwenye lambo, na hapa naomba tusomeane kwa utaratibu, maana tangi likikosewa watu wanakosa maji, lakini lambo likikosewa watu wanakufa.

Tuta la lambo hujengwa pana chini na jembamba juu. Wengine wanadhani ni kwa sababu udongo unamomonyoka tu. Kwa sehemu ni kweli. Lakini sababu nyingine umekwisha kuiona kwenye kopo: huko chini ndiko maji yanakosukuma zaidi. Lambo la kina cha mita 2 linasukuma kila mita moja ya urefu wa tuta kwa nguvu ya tani 2. Lambo la kina cha mita 4 je? Utasema tani 4. Hapana, ni tani 8. Kwanza, kuna ukuta mara mbili wa kusukumwa. Pili, msukumo wenyewe kwa wastani umekuwa mara mbili. Mbili mara mbili ni nne. Ukiongeza kina mara mbili, tuta linabeba mara nne.

Na tena, kama ilivyokuwa kwenye tangi, haijalishi maji yametanda nyuma mpaka wapi. Yawe yamefika mita 50 au kilomita 5, tuta linabeba mzigo ule ule ikiwa kina ni kile kile. Ukuta wa Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, ambalo lilianza kujazwa maji Desemba 2022, una kimo cha mita 131 hivi. Mahali ambapo maji yana kina cha mita 100, kila mita moja ya mraba ya ukuta inasukumwa kwa tani 100. Kwa hiyo ule unene wa zege huko chini si mapambo.

Kijiji chetu kile kile kina lambo la ng'ombe. Kila lambo lina njia ya pembeni ya kutolea maji yaliyozidi, ili yasipande juu ya tuta. Mwaka mmoja mvua zilikuwa chache, na vijana wakaiziba njia ile kwa viroba vya mchanga ili wapate maji zaidi ya kiangazi. Nia yao ilikuwa njema. Walipandisha maji nusu mita tu. Lakini lambo lilikuwa la kina cha mita 3, na nusu mita ile iliongeza mzigo wa tuta kwa zaidi ya theluthi moja. Kilo ngapi hazijalishi. Jambo ni kwamba aliyelijenga tuta hakulijengea mzigo huo. Halafu mvua kubwa ikija, maji hayana pa kupita ila juu ya tuta, na maji yakipita juu ya tuta la udongo yanalikata kama kisu kwenye ugali.

Katika nchi jirani ya Kenya, usiku wa tarehe 9 Mei 2018, lambo moja la Solai, kaunti ya Nakuru, lilibomoka wakati wa mvua. Watu zaidi ya 40 walikufa, wengi wakiwa majumbani mwao chini ya lambo, na watoto wakiwa wengi.

Fundi wetu alipoona vile viroba aliwaita vijana, akawaonyesha kopo la matundu matatu. Viroba viliondolewa jioni ile. Kisha akawachukua upande wa nyuma wa tuta, upande mkavu, chini kabisa. Palikuwa na unyevu na nyasi mbichi. Akachota maji kidogo yaliyokuwa yanachuruzika, akayatia kwenye glasi. Yalikuwa meupe. "Yakiwa meupe hivi," akawaambia, "tuta linatoka jasho tu, tuyaangalie. Siku mtakayoyaona yana tope, ujue yanatoka na udongo wa ndani ya tuta. Panya au mchwa au mzizi uliooza umeyafungulia njia, na kwa mgandamizo wa huko chini tundu la kidole litakuwa la mwili wa mtu. Siku hiyo msitafute koleo kwanza. Mmoja akimbie kuwaambia wenye nyumba za chini watoke, mwingine ampigie simu Mtendaji."

Tangu wakati ule kila wiki za masika kuna vijana wawili wa zamu, na glasi iko nyumbani kwa Mwenyekiti, imetundikwa kwenye msumari karibu na mlango.